Siku Tulipolitukana Gari la Projesti

Juzi mlinicheka, wajukuu wangu, na wala sikukasirika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji yenu pale Miembeni nikingoja mvua ipite, likaingia gari linayumba huku na huku kama mbuzi aliyelamba mtungi wa pombe ya lubisi. Nikasema, huo ni mkweche. Tajiri wenu akatoa kichwa kwenye dirisha la ofisi kama mtu aliyeitwa, akaniona, akatabasamu, akakirudisha. Nyinyi hamkumwona, mlikuwa mnacheka. Mmoja wenu akaniambia, bibi, siku hizi tunasema kimeo.

Sawa, kimeo nimekipokea. Ila neno lenu hilo moja mnalimwagia kila gari bovu, kama mtu mwenye sufuria moja, humo achemshe chai, humo apike maharage. Sisi tulikuwa na vyungu vingi.

Kazi yangu ilikuwa viti. Tangu mwaka wa Uhuru mpaka macho yalipoanza kuona sindano mbili mahali pa moja, nimeshona viti vya magari ya Bukoba na Muleba. Shule nilikaa kidogo tu, nikajua kusoma na kuandika, nikatoka. Lakini majina ya magari hayajanitoka. Nikishakula mchana na kufumba macho, magari yale huja yenyewe. Yanatokea kwenye ukungu wa milima ya Muleba, pole pole, taa moja inawaka na nyingine imekufa, na kila moja nalijua kwa kikohozi chake kabla sijaliona uso.

Mkweche ulikuwa gari zee lenye roho. Unalalamika, unamwaga maji, unasimama kupumua kwenye kila kilima, lakini unafika. Debe lilikuwa jingine. Debe injini yake nzima ila bodi imelegea, likipita kwenye makorongo vijiji viwili vinajua. Kachumbari ni gari la kuungaunga, mlango wa bluu, boneti nyekundu, bampa ya lori, na usukani ulitoka anakokujua mwenyewe mwenye gari. Sukuma-twende halihitaji maelezo, abiria wake walikuja wamejifunga kanga viunoni kabisa. Mungu-akipenda lilikuwa lile ambalo breki zake hazina uhakika, na utingo wake alisafiri amepakata gogo kama mtoto, tayari kuruka na kuliweka nyuma ya tairi. Chini kabisa ndipo palipokuwa na gofu, yaani lililobaki mifupa, kuku wanataga ndani na nyasi zimechungulia sakafuni. Toka mkweche hadi gofu ni safari ndefu. Mtu aliyeyachanganya hayo mawili kwenye gereji yetu alionekana hajalelewa.

Mengi ya majina hayo yalitoka kinywani mwa Fundi Pankrasi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa gereji, mtu mfupi, mkimya, mfuko mmoja wa ovaroli yake una spana na mwingine una rozari, na siku akiwa amechoka aliingiza mkono akatoa kisichotakiwa. Gari likishatengenezwa hakulikabidhi hivi hivi. Alilizunguka, akalipiga teke tairi la mbele, akalitukana. Kwa sauti, mwenyewe anasikia. Sijaona kitu kibaya kama hiki. Hata mwizi hawezi kukichukua. Nenda zako, skrepa wewe. Kisha ndipo anatoa ufunguo.

Wageni walichukia. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Renatusi, aliyetoka mbali kuja kufundisha huku, nusura amkamate fundi shati. Sisi wa hapa tulielewa. Mnajua desturi yetu, au labda hamjui tena. Mama aliyezika watoto, anayefuata humpa jina baya. Humwita taka, humwita wa kutupwa, humwita jina la mbwa, ili kifo kikipita mlangoni kikasikia mtoto anaitwa, kiseme, cha nini hiki, kiende zake. Pankrasi mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo. Pankrasi ni jina la ubatizo. Nyumbani kwao aliitwa kwa Kihaya neno lenye maana ya zile takataka za kufagiwa asubuhi mlangoni. Mama yake alizika wengi kabla yake. Alikuwa akisema, mimi niko hai kwa sababu hakuna aliyenitaka. Basi na magari aliyatunza vivyo hivyo. Padri alipomuuliza alijibu kwa adabu kwamba mambo ya mbinguni anamwachia padri, ila barabara ya Muleba ina makorongo yake.

Mimi gereji sikwenda kwa miguu yangu. Nilipelekwa na Ma Eliseba, mjane wa Kilutheri aliyesuka mikeka, ndiye aliyeleta pale maganda makavu ya mgomba ya kujazia viti. Siku moja mgongo ukamkataa akaniambia nimbebee mzigo. Nikabeba, nikafika, nikamwona mwanamume mzima anashindilia maganda kwenye kiti cha dereva kwa mguu kama anayekanyaga ndizi za pombe, nikasema sivyo. Ma Eliseba akanifinya. Lakini neno lilikwisha kutoka, na Fundi Pankrasi akasema, basi onyesha.

Sikilizeni sasa, maana hii hamtaikuta kwenye sponji zenu. Ganda la mgomba hulichukui likiwa kijani, na hulichukui lililoloa chini. Unavua lile lililokauka likingali limesimama kwenye shina. Unalianika juani, unaligeuza, halafu unalikunja karibu na sikio. Likipasuka kama kijiti limekauka kupita kiasi, litakuwa vumbi ndani ya kiti. Likikunjika kimya bado lina maji. Likinong'ona, hilo ndilo. Ma Eliseba alinifundisha kusikia kunong'ona huko na mpaka leo nikipita kibanjani kwenye migomba upepo ukivuma nasimama, nadhani viti vinaniita. Unaanza kujaza pembeni, katikati mwisho, kwa sababu mtu akikaa hukimbilia katikati mwenyewe. Unafunika kwa gunia la kahawa, unapitisha shazia yako, sindano ile kubwa ya kushonea magunia, na uzi uliopakwa nta. Kisha unakaa juu yake ukiwa umefumba macho. Ukiweza kusahau kwamba umekaa, kiti kimekwisha.

Kiti changu cha kwanza sikusubiri kunong'ona. Kilikuwa cha debe la Mzee Fulgensi, mpiga zeze. Mvua zikaja, akaniletea kiti kimeota uyoga, mweupe, mzuri kabisa. Hakugomba. Aliuliza tu kama uyoga ni wangu au ni wake. Na kiti cha bwana shamba wa Maruku kililiwa na mbuzi huku mwenyewe yuko sokoni ananunua chumvi. Mbuzi aliitwa Sabina, wa mama mmoja wa Kashai. Bwana shamba alirudi Maruku amekaa kwenye springi tupu, na kila korongo alilitaja jina la Sabina.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo, ambapo vipuri vilipatikana. Baadaye, wakati wa ujamaa, redioni tuliambiwa tujitegemee, na magari nayo yakajitegemea. Tangi la mafuta likitoboka tuliziba kwa sabuni ya kipande, na sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Mpira wa ndani uliokwisha viraka tuliujaza nyasi. Alikuja kijana mmoja akasema kwao gia ikilia wanaweka ndizi mbivu ndani inanyamaza. Fundi Pankrasi alimtazama muda mrefu. Akamwambia, ndizi ni chakula.

Nimewazungusha. Nilitaka kuwaeleza habari ya Projesti, ndiyo sababu ya karatasi hizi.

Projesti alikuwa kijana wa Kagondo, mrefu, mpole, aliyeinamisha kichwa hata akipita kwenye mlango usiomgusa. Alikuwa na pikapu aliyoinunua kwa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Alifunga mabenchi na turubai nyuma, akawa anachukua watu kwenda Muleba na kurudi na mikungu ya ndizi. Fundi Pankrasi aliipa jina siku ile ile ya kwanza. Akaiita Mkweche, basi, bila nyongeza. Tulikuwa na mikweche mingi, lakini ukisema Mkweche peke yake watu walijua ni wa Projesti. Ulikuwa mbaya sana. Na haukuwahi kulala njiani.

Mke wake aliitwa Adventina, mtoto wa Maruku, mwembamba, mwenye kicheko kilichokuwa kikikaa mbali na kuja mara moja moja. Alikuwa amezika watoto watatu. Furaha, halafu Baraka, halafu Tumaini. Mnasikia majina yalivyo mazuri. Kila mmoja alipokelewa kwa ngoma na kila mmoja hakufikia kutambaa. Tumaini alizaliwa nyumbani wakati wa mvua, mama amebebwa kwenye machela wakarudi naye katikati ya njia kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Kwetu mwanamke akizaa jina lake linahama. Mimi nilikuwa Mama Novati, na wenzangu pale benchini walikuwa Mama fulani na Mama fulani. Yeye, kwa kuwa jina la mtoto aliyekufa haliitwi, tulimwita mke wa Projesti. Hatukuwa na nia mbaya. Hatukuwa na jina jingine la kumwita.

Mimba ya nne ilipoonekana, hakuna aliyeitaja. Tulimwona, tukaongea habari za chumvi. Sista mkunga wa hospitali ya misheni, ng'ambo ya Muleba, alikuwa amemwagiza aje akae kule mapema, asingoje uchungu, asingoje mvua zifunge barabara. Yote yalikaa kwenye safari hiyo moja. Akifika kwa sista, kuna matumaini. Akibaki Kagondo, tunajua Kagondo ilivyomtenda.

Sasa Projesti, kwa mapenzi yake, akafikiri. Akasema mke wangu hawezi kwenda kujifungua kwenye mkweche kama mkungu wa ndizi. Akaleta pikapu gereji kimya kimya. Mimi akaniomba kiti cha mbele, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona, akanipa kitambaa cha maua mekundu na ya njano. Nguo ilikuwa adimu miaka hiyo, sikumuuliza kitambaa kimetoka wapi. Nilichagua maganda moja moja. Yalinong'ona yote. Na yeye akapata rangi iliyobaki kwenye kupaka shule, bluu kama ziwa la asubuhi, akaipaka pikapu nzima, na mwalimu Renatusi akamwandikia mlangoni kwa herufi nyeupe: MALKIA WA MULEBA.

Fundi Pankrasi siku hiyo hakuwepo, alikuwa kwenye msiba huko Maruku. Angekuwepo tusingefika huko. Sisi tuliobaki tulisimama tukalitazama gari, na kweli lilipendeza, wajukuu wangu. Nikilikumbuka leo naliona kama kitu kilichoteremka na kamba kutoka juu. Tukalisifu. Hata Ma Eliseba alilisifu, naye hakuwa mtu wa kusifu.

Adventina akaja kwa miguu kutoka Kagondo na mkeka wake, kikapu na mwavuli. Akafika kwenye geti, akasimama. Hakuingia.

Akauliza, "Hilo gari la nani?"

"La kwako," Projesti akasema. Alikuwa amevaa shati safi.

"La kwangu liko wapi?"

Projesti akacheka kidogo, akidhani ni mchezo. Akamwonyesha mlango, akamsomea herufi. Adventina hakutazama herufi, alitazama barabara, ile inayopanda kwenda Muleba, na mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa ziwa.

"Umelipamba," akasema. "Barabara nzima itageuza shingo. Mimi nimebeba kitu hapa ambacho sijakitaja hata kwa mama yangu. Nakipitisha kimya kimya. Wewe unanipigia ngoma."

"Ni rangi tu, Adventina."

"Na Furaha lilikuwa jina tu."

Aliyekuwa anagonga bampa aliacha nyundo juu. Adventina akakaa kwenye tairi kuukuu pale getini, akaweka kikapu mapajani juu ya tumbo, kama anayelifunika. Akasema akipumzika atarudi Kagondo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema kwamba ng'ombe wamekwisha kurudi.

Projesti alimsihi. Alimkumbusha sista, alimkumbusha daraja. Mimi nikaenda nikamwambia habari za kiti, nikamwambia kwa Kihaya cha kubembeleza, mae, nimekushonea kwa mikono yangu, kaa tu utaona. Akanishika mkono na kunishukuru, wala hakuinuka. Mawingu yakasogea. Nilijua, na kila mwanamke pale alijua, kwamba mvua ikianza jioni ile barabara ya kesho si ya leo.

Hapo ndipo Fundi Pankrasi alipotokea kwa baiskeli, na suti yake ya msiba. Akamwona Adventina kwenye tairi, akaliona gari, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote. Nilidhani atamgombeza Projesti, lakini hakufanya hivyo. Aliegemeza baiskeli, akaenda akachuchumaa mbele ya Adventina kama mtu anayeamkia wakubwa.

"Waitu," akamwambia kwa heshima, "nani amekudanganya kwamba lile ni gari?"

Adventina aliinua macho.

Pankrasi akasimama, akaliendea, akaanza kulizunguka. Akalipiga teke tairi. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba hili ni gofu lililofunikwa shuka. Kwamba maiti hata umpake mafuta ni maiti. Kwamba springi zake zinalia kama mjane asiye na mrithi, na rejeta yake inavuja kuliko macho ya mlevi. Akawageukia mafundi wake, akawauliza, nyinyi mmekatwa ndimi?

Basi ikaanza. Mmoja akasema hilo ni debe, tena debe la maji machafu. Mwingine akasema kachumbari iliyolala. Abiria waliokuwa wakingoja upande wa kivuli wakateremka kwenye mizigo yao wakaja, maana kila mmoja alikuwa na kisa chake na Mkweche. Mzee mmoja wa Muleba akasema alipanda humo akiwa kijana akashuka na mvi. Mama mmoja akasema kuku wake walikataa kushuka wakidhani wamerudi kwenye banda. Sukuma-twende! Mungu-akipenda! Mikono juu, vicheko, matusi yanaanguka kama senene kwenye taa. Ma Eliseba, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno baya la mtu wala la mnyama, akajongea na fimbo yake, akaligusa boneti kwa ncha, akasema taratibu, "Sura mbaya wewe." Kisha akafunika mdomo na kanga, akarudi mahali pake.

Mimi nilikuwa na langu. Nilikwenda kwenye kiti cha mbele, nikakata mshono. Nikakigeuza kile kitambaa, maua yakatazama ndani, upande wa nyuma uliofifia ukatazama nje, nikashona tena haraka haraka kwa shazia, nikatupia gunia la kahawa juu. Mtu akitazama aone gunia. Maua yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kwake peke yake.

Adventina alikuwa anatazama yote. Ila si sisi aliokuwa anatungoja. Alikuwa anamtazama Projesti.

Na Projesti hakuweza. Alisimama kando ya ule mlango wake, mikono imening'inia. Ninyi mnaotengeneza vitu kwa mikono mnajua. Umekesha na kitu, umekipaka rangi kwa ajili ya mtu wako, halafu uambiwe ukitukane mbele yake. Matusi yetu yakaanza kupungua, yakakatika. Ikabaki harufu ya rangi.

Halafu akainama, akachota oili chafu kwenye sinia iliyokuwa chini ya lori, kiganja kizima, akaipaka juu ya zile herufi. Kwanza Malkia, kisha Muleba. Pole pole, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Nyeupe ikawa nyeusi. Akachota nyingine akapaka boneti, na shati lake safi likaharibika. Akageuka kwa mke wake.

"Mkweche," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkweche mtupu. Hakuna anayeutaka."

Adventina akainuka kwenye tairi. Akafuta kikapu vumbi.

"Haya," akasema. "Sasa limekuja langu."

Akapita katikati yetu, akapanda, akakaa. Nilikuwa karibu na mlango, niliona bega lake likishuka alipokiegemea kile kiti, kama mtu aliyesahau kwamba amekaa. Projesti akapiga hendeli, Mkweche ukakohoa, ukakohoa, ukashika. Na Fundi Pankrasi akatuashiria kwa mkono tugeuke. Tukageuka wote, mafundi na abiria na akina mama, tukaupa mgongo. Mmoja akajifanya anatafuta spana, mwingine anafunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa nacho. Mkweche ukatoka getini bila mtu hata mmoja kuuaga. Tuliusikia tu ukipanda, ukipumua kwenye kilima, ukipanda tena, mpaka mvua ya kwanza ilipoanza kugonga mabati na sauti mbili zikawa moja.

Baada ya hapo Projesti aliendelea na abiria wake kama kawaida. Hakusema kitu nasi hatukuuliza. Rangi ya bluu ilichubuka, oili ikashika vumbi, pikapu ikawa mbaya kuliko zamani. Nilipokwenda shamba nilijikuta nimesimama kwenye migomba nimeshika kisu, nasikiliza barabara.

Siku moja akaingia gereji mchana, hakupiga honi. Akashuka, akainamisha kichwa kama ada yake, akamwendea Fundi Pankrasi aliyekuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Fundi, nimekuja kuomba ruhusa ya neno lako."

"Neno gani?" miguu ikauliza.

"Lile la gari. Tumempa mtu."

Miguu ikatulia. Kisha fundi akajivuta akatoka, uso wote oili, akakaa chini pale pale. Projesti akaeleza kwamba padri ameandika Filibeti, lakini nyumbani mama yake amekwisha kumwita kwa lile jina, na habadili. Fundi akaingiza mkono mfukoni kutafuta rozari, akatoa spana, akaishika hivyo hivyo.

"Anafananaje?"

"Mbaya," Projesti akasema, na machozi yanashuka bila yeye kuyajali. "Mbaya sana, Fundi. Kama mzee aliyenyeshewa."

"Vizuri," Pankrasi akasema. "Vizuri sana."

Adventina aliporudi amebeba mgongoni, alipitia gereji kabla ya kwenda kwake. Tulikuwa tumekaa benchini. Tulichungulia kitoto kile tukakicheka sura, tukauliza nani atakubali kukibeba. Kisha Ma Eliseba akasogea kumpa nafasi, akapapasa benchi, akasema, "Kaa, Mama Mkweche." Adventina akaitika. Akakaa. Kile kicheko chake kilikuja baadaye, kikakaa.

Mkweche wa magurudumu mwishowe ukawa gofu kama yote. Ulisimama nyuma ya nyumba yao Kagondo, kuku wakataga ndani. Mama Mkweche akaniita niende nikavue kile kiti kabla ya panya. Nilikata mshono wangu mwenyewe, nikakigeuza kitambaa. Nje palikuwa pameoza. Ndani maua yalikuwa mekundu na ya njano kama siku nilipoyapokea, maana jua halikuwahi kuyaona. Tulikaa tumeyatandaza magotini. Mama Mkweche alivikwa kitambaa hicho siku ya kuzikwa kwake, alivyotaka, upande wa maua ukiwa ndani.

Sasa mnajua kwa nini tajiri wenu alitoa kichwa dirishani. Ninyi mnamwita Mzee Filibeti, na vibao vyote vimeandikwa hivyo. Tuliobaki wa kumwita kwa lile jina jingine, Mkweche, tunahesabika kwa vidole, nami nikiondoka sijui ataitwa na nani. Ndiyo maana nimewaandikia. Mkimaliza gari la mtu, likawa limependeza, msilisifu mbele yake. Lizungukeni, lipigeni teke tairi.

Jumapili iliyopita alikuja kunichukua kanisani kwa gari lake jipya, jeupe, lisilo na sauti hata kidogo. Akalisimamisha mlangoni, akashuka, akanifungulia mlango. Lakini hakunikaribisha, wala hakurudi kwenye usukani. Alisimama tu, mwenye mvi, suti yake, mikono nyuma, anangoja. Nikachukua fimbo yangu. Nikalizunguka gari lile taratibu, nikaligonga tairi.

"Kagofu gani haka," nikasema. "Na wewe na sura hiyo. Tutafika kweli?"

Akainamisha kichwa kama baba yake, akakaa hivyo kidogo, kama mtu anayemwagiwa maji ya baraka. Kisha tukaondoka.